Nyumba Mpya, Vitu vya Zamani: Namna Nyangwe Ilivyojipamba Tangu Wakati wa Misafara

Neno mitumba lina umri mkubwa kuliko nguo zenyewe. Leo mtu akisema mitumba kwenye soko ya Kasongo, kila mtu anafikiri nguo za Ulaya na Marekani zilizokwisha kuvaliwa na wengine, zile ambazo Goma na Bukavu wanaita chagua. Lakini miaka 150 iliyopita mtumba ulikuwa mzigo wa mpagazi: robota la nguo lililokazwa kwa kamba, uzito wa frasila mbili hivi, ni kusema kilo 30 na kitu. Lilitoka pwani ya Bagamoyo, likapita Tabora na Ujiji, likavuka ziwa Tanganyika, likapanda njia ya Kabambare na kutua hapa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Ndani mlikuwa merikani nyeupe, kaniki ya buluu iliyoiva, na pengine vitambaa vya hariri kwa wakubwa. Kitu kilichotumika mbali, kikafika kwetu kichwani mwa mtu: ile njia tunaijua tangu zamani.

Tunaandika habari hii kwa sababu kwenye mikutano ya wanachama kuna swali linarudi kila mara, na kwa wafadhili wetu pia linarudi, ila kwa sura nyingine. Wanachama wanauliza: turubai tumepata, sufuria tumepata, lakini mlango tutautoa wapi, na ukuta tutaupaka nini? Wafadhili wanauliza: kwa nini mtu aliyepewa sufuria mbili anauza moja ili anunue bawaba na misumari? Wengine wanacheka kabisa, wanasema watu hawajashiba, nanyi mnazungumza mapambo. Siye tunaotembea kijiji kwa kijiji tunaona mambo tofauti. Mtu aliyerudi akianza kupaka ukuta rangi, njo tunajua ameamua kubaki. Kabla ya pale anaishi kama mgeni, hata kama anaishi juu ya kiwanja cha babu yake.

Basi tuanze na wale babu.

Kuna watu wanaosema uzuri wa nyumba uliletwa huku na Waarabu na Wangwana. Wazungu wa kwanza waliopita hapa waliandika kinyume. David Livingstone alipoingia nchi ya Wamanyema, kama walivyoiita wakati ule, alikuta nyumba za pembe nne, zenye kuta za udongo uliolainishwa, kuni zimepangwa vizuri ndani, na vyungu vimetundikwa juu kwa kamba zilizosukwa kwa ustadi. Katika nyumba moja aliweza kuhesabu vyungu 25 mpaka 30. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874 akielekea Nyangwe, alishangaa kuona vijiji vimepangwa kama barabara ndefu, kuta nyekundu, paa za majani zenye kuteremka. Nyekundu ile ni ya udongo wetu wenyewe, ule ule unaochafua viatu vya wageni mpaka leo. Hakuna aliyeununua.

Vyungu navyo vilikuwa na njia yao. Wanawake Wagenya walivileta kwa mitumbwi pamoja na samaki, wakavuka mto siku ya soko. Nyangwe ilijulikana kwa soko ile mbele ya kujulikana kwa kitu kingine chochote. Wafanyabiashara kutoka pwani walipofanya kituo chao hapa, karibu na mwaka 1860, walifuata watu waliokuwa wakikutana kwa kuuza vyungu, chumvi, kuku, samaki, vikapu na nguo za majani. Halafu wakajenga mtindo wao: nyumba yenye baraza mbele, ukumbi, vyumba nyuma, ua kwa kazi za wanawake, mikeka chini. Mpaka leo mu Kasongo mtu mwenye heshima anataka baraza, hata kama ni kipande cha udongo kilichoinuliwa shibiri mbili. Mgeni anakaa pale, haingii mpaka chumbani.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wale wafanyabiashara walifyatua bunduki ndani ya soko ya Nyangwe. Livingstone alikuwepo. Aliandika kwamba siku ile watu kama 1,500 walikuwa sokoni, na kwamba Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400, wengi wakiwa wanawake waliozama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Waliokuwa mbali kidogo walitupa mizigo yao chini na kukimbia. Tukizungumza vyombo vya nyumba za Nyangwe, lazima tuweke mizigo ile pia kwenye hesabu.

Habari ile ilitufikia kupitia kitu kilichotumika mara mbili. Livingstone alipokuwa Bambarre, ni kusema Kabambare, miguu imejaa vidonda na msaada hauji, karatasi zilimwishia. Akachukua gazeti la London la Novemba 1869, akaligeuza upande, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha chapwa. Wino nao ukaisha, akatengeneza wake kwa mbegu za mzingefuri, zile zenye kutia rangi nyekundu. Kwa wino ule na kwenye gazeti lile aliandika mauaji ya soko. Baadaye rangi ilififia mpaka kurasa nyingi hazikusomeka tena kwa macho. Ni mwaka 2011 ndipo watafiti walipozipiga picha kwa mianga ya namna nyingi na kutoa maneno yaliyofichika kwa miaka 140. Tunawaambia vijana wa chama wanaoona haya kutumia kitu cha kuokota: ushahidi mkubwa wa historia ya kijiji chenu uliandikwa juu ya gazeti kuukuu, kwa rangi ya mbegu.

Ikafuata vita ya 1892 mpaka 1894 kati ya jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na mabwana wa misafara. Askari wa Francis Dhanis waliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari mmoja Mwingereza aliyefuatana nao, Sidney Hinde, alitoa kitabu mwaka 1897, na ndani yake ameeleza nyumba za Kasongo kama mtu aliyeingia duka. Watu walikuwa wamekimbia upesi, wameacha kila kitu: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo. Yeye mwenyewe alipewa chumba kirefu chenye mlango unaofunguka kwenye bustani ya michungwa. Anaandika kwamba hata askari wa chini walilala juu ya hariri.

Tulisoma ukurasa ule pamoja na wazee kwenye kikao cha chama, tukautafsiri pole pole. Walicheka kwanza, hasa juu ya askari na hariri. Kisha mmoja akauliza: kile kitanda, ni nani alikibeba toka pwani? Hakuna aliyejibu, maana jibu lilikuwa wazi. Kitanda kilifika kwa kichwa cha mpagazi, na kililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mwaka 1893 kikabadilisha mwenyewe kwa bunduki. Nyumba ile ilikuwa nzuri kweli, wala hatukatai. Lakini vitu vyake vingi vilikuwa na kilio ndani.

Nyangwe yenyewe ilipata mabaya zaidi. Hinde anasema ulikuwa mji uliojengwa vizuri, wenye watu kama 30,000 kwa kukadiria kwake, na kwamba kwa muda wa majuma sita tu ilibaki nyumba moja kubwa yenye ngome, na kambi ya askari kuizunguka. Vingine vilichomwa na kubomolewa. Kasongo ya zamani nayo iliachwa, na mahali pake panaitwa Tongoni. Anayejua Kiswahili hahitaji kuelezwa: tongo ni mahali palipohamwa, penye mabaki. Watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji wamefanya kazi Kasongo na Tongoni, wakachimba na kusikiliza wazee, na mwaka 2020 walitangaza waliyoyaona. Wazee wetu wanafurahi kwamba historia hii sasa inatafutwa pia ardhini na mdomoni mwa wenyeji, siyo kwenye vitabu vya wapitaji peke yake.

Wakati wa Wabelgiji tunaupita haraka, siyo kwa sababu ulikuwa mfupi. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilileta vitu ambavyo bado viko nyumbani: sahani na vikombe vya bati lenye rangi, masanduku ya chuma, taa za petroli, manjanja ya paa kwa wale waliokuwa na mshahara. Ilileta pia mapipa ya mafuta, na pipa tupu likawa mali. Likipasuliwa na kunyooshwa linatoa mlango ambao mchwa hawezi kuula. Fundi wa kijiji alijifunza kazi ile peke yake, bila shule. Mwaka 1964 Simba walipopita, na tena jeshi lilipowafuata, watu waliingia porini na kuacha milango ile. Waliporudi, wengine waliikuta, wengine hapana. Ni mara ya ngapi? Wazee wanahesabu kwa vidole.

Halafu ikaja ile tunayoikumbuka wenyewe. Vita ya 1996, kisha ile ya 1998 mpaka 2003, ziliwatoa watu Kabambare na Kasongo kuelekea pande zote: porini, Kindu, Kalemie, Fizi, na kwa wengi, ng'ambo ya ziwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na Lugufu baada yake, zote mkoa wa Kigoma. Mtu aliyeishi kule miaka kumi alijenga nyumba ya tofali mbichi, ijapokuwa kila siku alikumbushwa kwamba atarudi kwao. Vitu vya kupamba vilitoka kwenye msaada wenyewe. Kopo la mafuta ya kupikia lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, makopo mengi yakapigiliwa juu ya fremu ya miti, na mlango ukawa tayari, maandishi ya wafadhili yakiwa wazi mbele. Mfuko wa unga ulichambuliwa uzi kwa uzi, ukasukwa kamba ya kitanda. Ama ulifuliwa mpaka maandishi yakafifia, ukatundikwa dirishani kama rido. Kopo dogo lenye utambi likawa koroboi.

Safari za kurudi kutoka Tanzania zilianza Oktoba 2005, kwa meli mpaka Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Tumewasikia wanachama waliobomoa mlango wao wa makopo kule, wakaukunja, wakavuka nao ziwa, kisha wakausukuma juu ya kinga milima yote mpaka Kabambare. Mtu asiyeelewa ataona ni ujinga, kubeba mabati kuukuu namna ile. Sisi tunaona hesabu: mbao unaweza kuzipata msituni, lakini misumari, bati na bawaba hakuna mti unaozaa. Walirudi pia na maneno. Neno koroboi siku hizi unalisikia mpaka kwa watoto ambao hawajaona Tanzania. Na wale waliokimbia miaka ya nyuma hapa kutoka pande za Salamabila, kwa sababu ya Mai-Mai na mambo ya dhahabu, wanajifunza ufundi huo huo kwa majirani waliotangulia.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wanachama wengi wameomba iandikwe.

Ukuta wa potopoto ukikauka unapasuka, lazima. Usikimbilie kuupaka. Chukua udongo wa kichuguu, uuponde, uuchekeche, uuchanganye na majivu na majani makavu yaliyokatwa mafupi, halafu uuache siku mbili ukiwa na maji. Udongo wa mchwa unashikamana kuliko mwingine. Paka safu nyembamba, sugua kwa jiwe laini ama chupa. Ukishakauka, rangi nyeupe inatoka kwenye udongo mweupe wa mabonde, nyekundu inatoka njiani kokote, nyeusi kwenye makaa yaliyosagwa. Peke yake rangi hii inashika nguo ya kila anayeegemea. Njia ambayo mama zetu wa Nyangwe wanaitumia ni kupika uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuuchanganya na rangi ungali vuguvugu; hapo haitoki tena ovyo. Sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha urefu wa goti, paka nyeusi ama nyekundu, kwa sababu mvua inarusha matope pale. Wengine wanachora maua na samaki juu ya mstari ule. Kuna nyumba moja karibu na kivuko imechorwa kinga, mtumbwi na redio, kila kimoja kikubwa sawa na mtoto, na watu wanapotoa mwelekeo wanasema: pita nyumba ya redio.

Wengine wanavunja betri za tochi ili wapate weusi. Tunaomba hiyo iachwe. Unga ule una sumu, na watoto wanalamba ukuta.

Bawaba zisipopatikana, kata mpira wa tairi la zamani vipande vya upana wa vidole vitatu, pigilia misumari minne kila upande. Haipigi kelele, haishiki kutu. Kitanda cha mianzi na kekele kinadumu kama miguu yake imesimama kwenye majivu, maana mchwa haupendi majivu. Jerikani lililopasuka ukilikata ubavuni linakuwa kabati la sahani, ukilitundika. Kitenge kilichochakaa katikati bado kina pindo nzuri mbili. Ziunganishe, una rido.

Masanduku ya risasi yanapendwa kwa viti na kwa kuweka nguo. Yakiwa matupu, na mtu mzima ameyafungua, hatuna neno. Lakini kitu kingine chochote cha vita kilicho chini, hata kama kinang'aa na kinafaa kuweka maua, kisiguswe. Weka alama ya miti mbali kidogo, mwite chifu. Vita imekwisha kutupunguzia watu ya kutosha.

Tumebakiza jambo gumu. Vitu vya zamani vyote vilikuwa na mwenyewe, na hapa kwetu mwenyewe pengine ni jirani. Nyumba ikiachwa miaka mitano, wa kwanza kurudi anachukua mlango, wa pili anachukua manjanja, wa tatu anachukua tofali. Hakuna aliyejiona mwizi. Kila mmoja alijua mwenye nyumba amekufa ama hatarudi. Kisha anarudi. Katika kesi tunazosaidia kutuliza, ugomvi wa mashamba ni mwingi, lakini ugomvi wa milango una uchungu wa namna yake, kwa sababu mtu anapita mbele ya mlango wa baba yake kila siku akienda kuchota maji. Mama mmoja alituambia: "Ule mulango ni ya kwetu. Baba alichonga yeye mwenyewe. Angalia alama ya panga hapa chini, mimi njo nilikata, nilikuwa mutoto, akanipiga." Alama ilikuwepo.

Njo sababu kamati iliweka utaratibu, na tunawaomba wanachama waufuate bila kuchoka. Unaponunua mlango, dirisha, manjanja ama kitanda kilichotumika, uliza kilitoka nyumba ya nani. Chukua mashahidi wawili, mmoja awe mzee wa mtaa. Andika kwenye daftari la chama siku, bei na alama za kitu. Mwenyewe akirudi, hakuna kuvunja wala kwenda na vijana usiku. Tunakaa. Aliyenunua kwa haki hapotezi yote, na aliyekimbia kwa haki hapotezi yote. Wakati mwingine mwenyewe anachukua mlango na kulipa bei kidogo kidogo. Wakati mwingine anaacha mlango na kupokea mbao za kuchonga mwingine. Kiongozi mmoja wa dini alitukumbusha kwamba kitu cha kuokotwa kinatangazwa kwanza, hakitumiwi siku ile ile. Tangu pale tunatangaza kweli, baada ya sala ya Ijumaa na baada ya misa ya Jumapili, na kuna vitu vimepata wenyewe kwa njia hiyo.

Kwa wafadhili tuna ombi moja, nalo limetoka kwenye historia yote hii. Sufuria na blanketi ni msaada mzuri, msiziache. Ongezeni misumari, bawaba na makufuli. Halafu tusaidieni kujaza sanduku la vyombo vya kazi. Lile tulilo nalo lina msumeno mmoja, randa, nyundo mbili, patasi, mkasi wa bati na futi, na linazunguka kati ya mitaa kwa zamu. Zamu ya mtu ikifika wakati wa mvua, udongo haukauki na anangoja mwaka mwingine. Sanduku la pili lingewawezesha watu wa ng'ambo ya mto kuanza kazi Juni badala ya Agosti.

Na kuhusu mlango wenye alama ya panga: kikao kilikaa mara tatu. Aliyeununua alikuwa naye ni mrudi, ametoka Lugufu, na hakujua. Mwishowe walikubaliana kwamba mlango unarudi kwa mama, na yeye anampa yule ndugu bati zake za makopo alizovuka nazo ziwa, pamoja na siku mbili za kazi ya mwanawe. Tulikuwepo walipoutoa. Ulikuwa mzito kuliko tulivyofikiri, mbao moja nene. Bawaba moja ilibaki kwa yule ndugu, ya pili ilikwenda na mlango, na sasa nyumba zote mbili zina bawaba moja ya chuma juu na ya mpira wa tairi chini.